Matundu Sitini na Moja ya Basi la Harusi

Siku bwana wangu alipovunjika mkono, basi dogo la muzee wa Beni lilikuwa limekwisha kung'olewa viti vyote na limekaa juu ya matofali katika parseli yetu, yaani uwanja wa nyumba, hapa Butembo. Viti vilikuwa sebuleni kwetu, maana mvua ilinyesha kila alasiri, na watoto wetu walikuwa wakila chakula wamekaa humo kama abiria. Bwana wangu ni tolie, fundi wa kunyoosha bodi za magari na kuziba sehemu zilizoliwa na kutu. Asubuhi ile alitoka kwa pikipiki kwenda kutafuta waya wa kuchomelea, akateleza kwenye mteremko uliolowa, akarudi mchana mkono wa kuume umefungwa plasta toka vidoleni mpaka kiwiko. Daktari alimwambia wiki sita. Harusi ya binti wa muzee ilikuwa imebakiza wiki mbili na siku tatu.

Mimi nilikuwa mshonaji. Nilishona sare za shule na kanzu za wanakwaya wa parokia, mbele ya nyumba, upande wa barabara. Miaka kumi na tano nilisikia mashine ya kuchomelea ya bwana wangu ikitatarika nyuma ya nyumba kama mafuta yanayokaangwa, na sikuwahi kuishika. Nilichojua ni kugeuza macho tu mbali na mwanga wake nikipita na ndoo ya maji.

"Tumuite muzee, tumuambie," nilisema jioni ile.

"Tumuambie nini?"

"Kama uko na mukono moja."

Aliitazama plasta yake. Kisha akanipa simu, maana hata kubonyeza namba kwa kushoto kulikuwa kunamsumbua.

Muzee alikuja kesho yake. Alikuwa Mwislamu, mwenye malori ya kusafirisha mizigo, mtu wa sauti ndogo ambaye hata akikasirika huwezi kujua. Alikuja na watu wawili: tolie mwingine wa hapa mjini, na mama yake mzazi, ambaye siku hizo alikuwa amepanda kutoka Beni kumtembelea binti yake anayekaa hapa Butembo. Tulimwita Mama Muzee. Alikuwa mwembamba, amejifunga mtandio mweupe, na mkononi alishika birika la plastiki la maji ya udhu, kwa sababu hakupenda kuomba maji kwa watu saa ya sala ikifika.

Yule tolie alizunguka basi akiligonga kwa kidole. "Hapa ni mastiki tu," akasema, yaani ule uji mzito wa kujazia mashimo ya bodi. "Siku mbili ninajaza, siku ya tatu ninapiga rangi. Imeisha."

Mama Muzee alisogea karibu. Aliomba bisibisi. Nikampa. Akainama kwenye ngazi ya mlango, mahali palipoonekana pazuri kabisa, laini, rangi haijapasuka, akaisukuma bisibisi ikaingia mpaka kwenye mpini. Alipoivuta, likatoka bonge la mastiki, na nyuma ya mastiki karatasi za gazeti zilizokunjwa, na nyuma ya gazeti kipande cha sweta ya mtoto.

"Hii ni mastiki ya mwaka iliyopita," alisema. "Na ya mwaka mingine iko chini yake. Miye njo ninakaaka hapa juu. Vumbi inaingia mu nguo mpaka ninafika kwa watu sawa mutu alitoka mu kaburi."

Muzee alicheka kidogo, lakini ilikuwa wazi kwamba jambo hilo lilimwelemea. Akatueleza kwa nini hakutaka kukodi gari jingine. Basi hili ndilo lilimchukua binti yake kutoka wodi ya wazazi alipozaliwa. Marehemu baba yake muzee ndiye aliyelinunua. Binti mwenyewe alikuwa ameomba apelekwe kwa mumewe ndani ya gari hilo, na wanawake wa ukoo wakiwa ndani wakiimba.

Sijui maneno yalitoka wapi. Nilisema, "Mimi naweza jaribu."

Bwana wangu aligeuka akanitazama. Muzee naye, kwa adabu, akasema, "Mama, wewe unashonaka nguo."

"Ndiyo, Papa. Kukata kiraka ninajua. Bwana yangu atanionesha moto."

Yule tolie alicheka waziwazi. Mama Muzee akaniangalia vidole, kweli kweli vidole, kama mtu anayechagua maharagwe ya mbegu. Kisha akasema, "Aanze na ile tundu ya chini ya kiti yangu. Ikimushinda, mutajaza mastiki yenu."

Ikawa hivyo. Muzee akatupa siku tatu.

Bwana wangu alinianzishia kwenye boneti la gari bovu, ambalo alikuwa amelitoboa matundu ya kila namna. Alikaa juu ya gurudumu, mkono umening'inia shingoni, na fimbo katika mkono wa kushoto. Nilivaa kofia yake ya chuma yenye kioo cheusi. Ilikuwa inanuka jasho lake na tumbaku aliyokuwa ameniapia kwamba aliiacha. Nikabonyeza. Waya ukatoka, moto ukawaka, na tundu lililokuwa kama kifungo cha shati likawa kubwa kuliko ngumi yangu.

Nilivua kofia. Bwana wangu alikuwa akijizuia kucheka mpaka mabega yanatikisika, na plasta ikamuuma. Mimi nikaanza kucheka kwanza, akafuata.

"Haraka ya nini?" alisema. "Bati ya gari ni nyembamba. Ukikaa mahali moja inakimbia. Gusa, achilia. Gusa, achilia. Kisha enda ngambo ingine, hii ipoe."

Kulikuwa na ujanja ambao nisingeubuni maisha yangu yote. Tundu likiwa dogo, unaweka nyuma yake kipande cha shaba nyekundu. Yeye alikuwa na bomba la shaba alilolipondaponda likawa bapa. Chuma kilichoyeyuka hakishikani na shaba, kinajazana juu yake kama uji ndani ya sahani, na ukiondoa shaba, tundu limeziba. Mara ya kwanza nilipoondoa ile shaba na kuona bati zima, niliwaita watoto waje kuangalia. Walikuja, wakaangalia, wakasema ni doa tu, wakarudi kucheza.

Matundu makubwa yalikuwa na kazi nyingine. Hapo unakata kutu yote mpaka ufike kwenye chuma kizima, unapima, unakata kiraka. Hilo nililiona kama kazi yangu ya kila siku. Nilichukua katoni ya sabuni, nikakata kielelezo kwa mkasi wangu, nikakihamishia kwenye bati kwa chaki ya kushonea. Bwana wangu alipokuja kukipima kiraka, akakigeuza mara mbili.

"Mbona ni kikubwa?"

"Niliacha pindo."

"Mama batoto, chuma hakina pindo. Kinaingia ndani ya tundu sawa mulango mu fremu. Unaachia nafasi ya ukucha tu."

Nikakata upya. Siku ile tuligombana. Yeye, kwa kuwa mikono yake haikuweza kufanya, mdomo ukafanya kazi maradufu: kushoto, kulia, achilia, si pale, pale. Nikazima mashine nikamwambia, "Ukiendelea hivi, ninarudia sare zangu." Baada ya muda akapendekeza atumie fimbo kwenye gurudumu: kugonga mara moja ni acha, mara mbili ni endelea. Tukapatana hivyo, na parseli ikawa tulivu hata jirani akachungulia kuuliza kama tumemaliza kazi.

Siku ya tatu nilichomelea sakafu chini ya kiti cha Mama Muzee. Nukta kwenye kona nne. Ngoja. Nukta katikati ya kila upande. Ngoja. Nukta kati ya nukta, mpaka zikagusana zote. Nikasaga kwa jiwe la umeme. Muzee alifika, akapanda ndani na viatu vyake vizuri, akaruka juu ya kiraka mara tatu, mtu mzima mwenye kilo zake. Kisha akapiga magoti akapitisha kiganja.

"Mwanzo wake uko wapi?" akauliza.

Ilibidi nimwoneshe.

Alishuka akamwambia mama yake kwamba fundi ataendelea. Alisema fundi, bila kuniangalia, na mimi nikajishughulisha na waya ili nisionekane nilivyokuwa nikitabasamu.

Nilizungushia kila tundu duara la chaki. Yalikuwa sitini, pamoja na lile la chini ya kiti. Tangu siku hiyo Mama Muzee alikuja kila mchana, akaketi kwenye kiti kimoja cha basi tulichomtolea nje, kando ya ukuta. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinikataza kufanya kazi bila kula, na alikuwa akinisomea hesabu: "Imebakia makumi nne na mbili." Saa ya sala alitandika mkeka wake upande wa nyuma, na mimi nikazima mashine. Saa sita kengele ya parokia ikilia nilifanya ishara ya msalaba, na yeye akanyamaza mpaka nimalize.

Siku moja nilikuwa nachomelea karibu na mahali pa gurudumu la nyuma. Tulikuwa tumetoa mazulia na sponji zote, au tulifikiri hivyo. Kumbe kulikuwa na manyoya ya kuzuia kelele yaliyobaki ndani ya ubavu. Cheche ikaingia. Mimi, kichwa ndani ya kofia, sikuona kitu. Bwana wangu aligonga fimbo mara moja, mara moja, mara moja, na mimi nikadhani amesahau hesabu. Kisha nikahisi maji yakinipita sikioni. Mama Muzee alikuwa amesimama nyuma yangu, amelimwaga birika lote ndani ya ubavu wa basi. Moshi ulitoka, ukazimika.

Nilivua kofia. Alikuwa amelishika birika tupu kwa mikono miwili.

"Ilikuwa maji ya udhu yangu ya alasiri," alisema. "Sasa gari njo ilitawadha."

Akacheka. Hatukuwa tumemsikia akicheka kabla ya siku hiyo. Alicheka mpaka akakaa chini, na bwana wangu akicheka kwa kushika plasta, na mimi nywele zinatiririka maji. Nikamjazia birika. Kuanzia siku hiyo ndoo mbili za maji na kitambaa kibichi vilikaa karibu na mashine, na hapana tena kuchomelea bila kupapasa ndani ya ubavu kwa mkono.

Kosa lililoniuma zaidi lilikuwa kwenye ubavu wa kushoto, karibu na mlango. Zilibaki siku tano kabla ya harusi. Nikafanya haraka, nikaunganisha nukta moja baada ya nyingine kwa mstari bila kungoja ipoe, na bati likajikunja. Lilivimba kama mkate. Niliketi chini nikalia, sikuona haya. Kwa nguo, ukikosea unafumua. Hapa sikujua mtu anafumua vipi.

Bwana wangu hakunilaumu. Alisimama, akaleta nyundo yake ndogo na lile donge zito la chuma ambalo huwekwa nyuma ya bati.

"Wewe shikia nyuma," alisema. "Mimi nitapiga."

"Kwa kushoto?"

"Kwa kushoto."

Nikaingia ndani ya basi, nikaegemeza chuma nyuma ya uvimbe. Yeye nje. Hatukuonana, kati yetu palikuwa na bati tu. Alikuwa akipiga polepole, na mimi nikifuata sauti, nikisogeza donge pale nyundo ilipokwenda. Mwanzoni alikosa mara nyingi. Alitukana nyundo. Baadaye tukapatana. Piga, sogeza, piga, sogeza. Sidhani kama tulikuwa tumewahi kufanya kazi moja, yeye na mimi, tangu tuoane. Kila mtu alikuwa na upande wake wa nyumba. Jua lilipoanza kushuka akapitisha kiganja nje, mimi nikapitisha ndani, na uvimbe haukuwepo.

"Iko sawa?" niliuliza kupitia bati.

"Iko sawa. Toka sasa, njaa inaniuma."

Kabla ya rangi tulifanya kipimo. Saa sita mchana, jua likiwa kali, tulifunika vioo vyote kwa blanketi na turubai, tukaingia ndani na kufunga milango. Kama kuna tundu, hata la sindano, nuru inaingia na unaliona. Watoto wetu watatu waliingia nasi. Tukakaa sakafuni katika giza hilo, tukitafuta. Hakuna kitu. Mtoto wetu wa mwisho akasema ameona nyota, tukamtafutia nyota yake, ikawa ni kitasa cha mlango kinachong'aa kidogo.

Mara mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Muzee, anataka kuingia. Tukamsaidia kupanda, akakaa sakafuni kati yetu, magoti juu, tukafunga tena. Tulisikia pumzi yake. Baada ya muda akanyoosha mkono gizani akanigusa.

"Iko moja," alisema. "Pale juu, pembeni ya taa ya nyuma."

Sote tuligeuka. Kweli, ilikuwa nukta ndogo kama chembe ya chumvi. Ilikuwa tundu la parafujo ya zamani ambalo sikuwa nimelizungushia chaki. Niliweka shaba nyuma yake, nikagusa mara moja, nikaachilia. La sitini na moja.

Bwana wangu alipiga rangi mwenyewe, bastola ya rangi katika mkono wa kushoto, nyeupe kote na mstari wa kijani ubavuni. Alikuwa amejifunga mfuko wa plastiki juu ya plasta, na bado plasta ikawa nyeupe na kijani. Rangi ilipokauka tukarudisha viti na magurudumu.

Muzee alitualika harusini, sisi wote watano. Tulishuka Beni ndani ya lile basi, siku moja kabla, pamoja na Mama Muzee na binti yake wa Butembo. Wenzangu walitazama migomba na milima. Mimi nilitazama sakafu. Kila gari lililotupita lilituachia wingu la vumbi, na kila mara niliinama kuangalia viungo. Mama Muzee alikuwa amekaa mahali pake, amevaa buibui jeusi safi, na alikuwa akilikung'uta kwa makusudi ili anioneshe kwamba halina kitu. Tulipopita mji mdogo wa Kabasha mvua ilitupiga. Maji yalikuwa yakiruka kutoka magurudumuni na kugonga chini ya miguu yetu kama mtu anayemwaga mchanga. Nilivua kiatu kimoja nikaweka unyayo kwenye bati. Lilikuwa baridi na kavu.

Kwenye kizuizi askari kijana alichungulia ndani. Akaona wanawake waliovaa vizuri na mtu mwenye mkono wa kijani na nyeupe.

"Huyu amefanyaka nini?" akauliza.

"Ni tolie," dereva akamjibu. "Lakini muke yake njo alitengeneza gari."

Askari aliniangalia, akaangalia basi, akapapasa ubavu wa kushoto, ule ule uliokuwa umevimba. "Malamu," akasema, yaani vizuri kwa Kilingala, akatufungulia.

Harusi ilikuwa Beu, mtaa mmoja wa Beni, nyumbani kwa muzee. Kulikuwa na turubai lililofunika ua mzima, sufuria za pilau ambazo zilihitaji wanaume wawili kuzinyanyua, na matarumbeta ya kukodiwa. Mimi nilijua harusi za kwetu za kanisani. Hapa nilikaa upande wa wanawake nisijue lini kusimama, na Mama Muzee akanikalisha karibu naye ili nimwige. Bwana harusi alipokubali mbele ya shehe, vigelegele vilianzia jikoni vikaja mpaka kwetu.

Kisha bibi harusi akatolewa. Basi lilisubiri mlangoni, limefungwa maua na kanga. Alikuwa msichana mwembamba kama bibi yake, uso chini, hina mikononi. Wanawake wakamzunguka. Alipoweka mguu kwenye ngazi, ile ngazi ya bisibisi, Mama Muzee alimshika mkono akamsimamisha. Akawaambia wanawake wote, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, "Mungojee. Muone kwanza mutu alitengeneza gari ya mutoto wetu."

Akanivuta mbele. Nilikuwa nimevaa kitenge changu cha Pasaka na vidole vyenye madoa ya kuungua. Kisha shangazi mmoja, mwanamke mnene mwenye dhahabu sikioni, akapanda ndani ya basi, akavua viatu, akaanza kutembea polepole sakafuni akitafuta viungo kwa nyayo. Alifika nyuma. Akarudi mbele.

"Sioni kitu," alisema. "Nyumba yangu haina sakafu sawa hii."

Wakacheka, wakapiga vigelegele, na wengine wakavua viatu na kupanda kujionea wenyewe, mpaka muzee akaja kuuliza kwa sauti yake ndogo kama harusi imehamia ndani ya gari. Bibi harusi mwenyewe alikuwa akicheka chini ya mtandio wake, niliona mabega. Akainama sikioni kwangu akasema, "Aksanti, mama." Nikamjibu kwa Kinande, kwa kuwa ndiyo lugha inayonitoka nikifurahi sana, "Wasingya kutsibu," yaani asante sana. Alikuwa mtoto wa Beni, alielewa.

Waliondoka wakiimba, basi likiyumba kwa wingi wao, wanawake kumi na wanane kwa viti kumi na vinne.

Tulirudi Butembo siku mbili baadaye, kwa lori la muzee, watoto kifuani mwetu na sinia la pilau lililofunikwa kwa kitambaa. Bwana wangu alilala mdomo wazi karibu njia yote. Nilikuwa nimeanza kufikiria namna tutakavyogawana kazi plasta itakapotoka: yeye kunyoosha na rangi, mimi matundu. Nilipomwamsha nikamwambia, alijibu bila kufungua macho, "Na nani atashona sare?"

"Asubui sare. Kisha saa sita, matundu."

"Sawa," alisema, akalala tena.

Tulipofika Maboya, njiani, tulimwomba dereva asimame. Kando ya barabara wanawake walikuwa wanauza marakuja, yaani pasheni, zilizoiva mpaka zimekunjamana ngozi. Tukanunua beseni zima, tukaketi kwenye ukingo wa barabara, tukazipasua kwa meno na kuzinyonya hapo hapo, sote watano na dereva, maji ya manjano yakitutiririka mpaka viwikoni.